Mkondo wa Mwalimu Mfaume

Demetria alikuwa akifundisha madarasa ya chini katika shule moja ya msingi huko Usoke, na aliyetaka kulijua darasa lake hakuhitaji kuuliza, alifuata kelele. Watoto walikaa makundi makundi sakafuni, wakasimuliana yaliyotokea nyumbani, wakachora, wakaigiza, na yeye akayachukua maneno yao wenyewe na kuyaandika ubaoni ili wayasome. Njia hiyo alifunzwa kwenye semina mjini Tabora, akarudi nayo kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Alizaliwa Ulyankulu, katika familia ya wakulima waliotoka Burundi, na alipoanza shule hakujua Kiswahili hata cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwaka mzima alikaa akiitikia wanachoitikia wenzake bila kujua ni kitu gani. Alipopata ualimu alijiapiza kwamba mtoto atakayepita mikononi mwake hatakaa hivyo.

Chumba cha jirani kilikuwa cha Mwalimu Mfaume, mzee wa Isevya, mjini Tabora, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na babu wa babu yake, kama walivyosimuliana kwao, aliingia Tabora na msafara wa wapagazi kutoka pwani, akaupenda mji, akakataa kurudi. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzaliwa nayo. Yeye alifundisha kama alivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, akiwa mdogo, na baadaye shuleni: kwanza sauti ya herufi, kisha silabi, kisha neno. Alisimama na fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, watoto wakaitika ba be bi bo bu mpaka kuta zikazoea.

Waliheshimiana, kila asubuhi Demetria akimwamkia shikamoo naye akiitikia marahaba kwa furaha, lakini kwenye jambo la kusoma hawakupatana hata kidogo. Demetria alisema watoto wa Mfaume wanaimba wasichokielewa. Mfaume alisema watoto wa Demetria wanaelewa wasichokisoma. Chai ya saa nne ilikuwa hainyweki bila maneno hayo.

Aliyeyakatiza alikuwa Hafsa, afisa elimu wa kata, mwanamke mwenye subira aliyekuwa bado mgeni katika kazi hiyo. Aliwasikiliza siku moja hadi mwisho, kisha akasema kubishana hakutawasaidia, wajaribu waone. Watoto wote wa darasa la pili wachanganywe, wapangwe upya kwa kura katika mikondo miwili, mmoja kwa Demetria na mmoja kwa Mfaume. Wafundishwe muhula mzima, kila mwalimu kwa njia yake. Mwisho wa muhula waje walimu kutoka Urambo wawapime mtoto mmoja mmoja, bila kuambiwa nani katoka mkondo upi. Njia itakayoonekana bora itapelekwa shule zote za kata. Mwalimu mkuu, Wilbroad, alilifurahia wazo hilo kiasi kwamba kabla ya wiki kuisha alikuwa ameshaitangazia kamati ya shule kuwa Usoke itakuwa ya mfano.

Demetria pia alifurahi. Alikuwa na hakika ya kushinda, mpaka kura ilipopigwa na jina la binti yake Stela likaangukia mkondo wa Mwalimu Mfaume.

Hapa kulikuwa na jambo ambalo hakuna mtu pale shuleni aliyelijua. Stela alikuwa amesomeshwa na mama yake mwaka mzima wa darasa la kwanza, na kila mtu alimwona mtoto hodari. Alizijua hadithi zote za darasani, alifungua kitabu na kuzitiririsha bila kukwama. Lakini likizo ya Desemba Demetria alimletea kitabu kisicho na picha. Stela alikigeuza kurasa, akatafuta picha, halafu akaanza kusoma. Ilikuwa hadithi nzuri, ya fisi aliyeenda kwenye harusi. Kitabu chenyewe kilihusu kisima. Demetria akamwekea kidole kwenye neno "maji" na kumwuliza limeandikwaje. Stela akamtazama mama yake usoni, si kitabuni, akasema, "Harusi?"

Tangu siku hiyo Demetria hakuwa na raha. Alimpeleka Tabora kwa daktari wa macho, macho yakaonekana mazima. Masikio nayo yakapimwa, yakawa mazima. Mama mkwe wake alisema asihangaike bure, mtoto huyo amerithi uzito wa baba yake mdogo ambaye naye hakujua kusoma hadi alipooa. Maneno hayo yalimkaa Demetria. Alijipangia kwamba muhula utakapoanza atakuwa na mtoto wake darasani, atamshughulikia kimya kimya, na hakuna atakayejua kwamba mwalimu aliyesifiwa semina nzima ameshindwa kumfundisha mwanawe wa kumzaa.

Ndiyo maana kura ile ilipotoka alimfuata Hafsa nje na kumwomba amrudishe Stela kwake. Alitoa sababu ya kwamba mtoto ni mwoga na Mwalimu Mfaume ana sauti kubwa. Hafsa alimsikitikia, lakini hakukubali.

"Mwalimu, nikimhamisha mmoja kwa sababu ya mama yake, kesho atakuja mwingine," alisema. "Mwisho wa muhula nitakuwa sijalinganisha kitu."

Jioni hiyo Demetria alimkuta mumewe, Prosperi, shambani anafunga majani ya tumbaku ya chini yaliyokuwa yameanza kuiva. Akamweleza yote huku akimsaidia kufunga. Alisema mtoto atachekwa na wenzake, atapigiwa kelele, ataichukia shule. Prosperi alikuwa mtu wa maneno machache na aliendelea na kazi yake hadi alipomaliza.

"Mama Stela," akasema, "unaogopa atashindwa, au unaogopa atafaulu kwa Mfaume?"

Demetria alikasirika, akaenda nyumbani peke yake.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Asubuhi Stela alilalamika tumbo. Jioni hakuwa na hadithi ya kuleta nyumbani, yeye ambaye zamani hakunyamaza. Alichambua maharage huku midomo inatembea, ma me mi mo mu, na akiulizwa kitu alishtuka kama aliyeamshwa. Demetria aliyasikia yale ma-me-mi kama mtu anayesikia mlango unagongwa na mdai. Mara mbili alikaribia kumwambia mtoto aache. Alijizuia tu kwa sababu alikuwa amekubali mbele ya Hafsa kwamba kila mwalimu afundishe kwa njia yake.

Mwishowe alishindwa kuvumilia. Siku moja aliwaacha watoto wake wakichora, akapita nyuma ya chumba cha jirani kama anayekwenda chooni, akasimama pembeni ya dirisha. Alitarajia kusikia makelele. Darasa lilikuwa limetulia, watoto wanaandika, na Mwalimu Mfaume alikuwa amechuchumaa kando ya dawati la Stela, magoti yake ya uzee yamekunjwa kwa taabu. Mbele yao kulikuwa na kitabu, na mzee alikuwa ameifunika picha kwa kiganja.

"Ng'ombe," alisema Stela.

"Ng'ombe simwoni," alisema Mfaume kwa sauti ya chini ambayo Demetria hakujua kama anayo. "Mimi naona herufi tu. Hii ya kwanza inasemaje?"

"Mmm."

"Na mwenzake?"

"Aaa."

"Wapeleke pamoja."

"Ma." Stela alisogeza kidole. Alinyamaza kwa muda mrefu, na mzee hakumharakisha wala hakumtajia. "Zi. Ma-zi. Wa. Ma-zi-wa." Akarudia haraka kidogo, kisha akakiinua kichwa. "Maziwa! Imeandikwa maziwa."

"Imeandikwa maziwa," alisema Mfaume, na akakiondoa kiganja. Chini yake kweli alikuwapo ng'ombe, na mwanamke anamkamua. Stela aliitazama picha mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye neno na kuligusa tena kwa kidole.

Demetria alirudi darasani kwake akiwa hajui afurahi au alie. Watoto walimwonyesha michoro yao, akaisifu yote bila kuiona.

Saa za kutoka alimsubiri Mfaume kwenye kivuli cha ofisi. Alimwuliza moja kwa moja kama anaona tatizo lolote kwa Stela. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mwanao alikuwa hasomi, mwalimu. Alikuwa anakisia. Anakisia kwa akili sana, ndiyo maana hukumgundua mapema. Anatazama picha, anakutazama uso, anakumbuka ulichosema jana. Huyo si mtoto mzito. Mtoto mzito hawezi kazi hiyo."

Demetria alimwuliza amelijua lini. Mfaume akasema tangu mwanzo mwanzo, ila alitaka kumwona kwanza akianza kupata, ili atakapomwambia mama yake asimpelekee habari mbaya mikono mitupu. Akasema bado ana safari, wala hamwahidi kitu, lakini sauti za herufi sasa anazo karibu zote, anachanganya l na r tu, na hizo nusu ya watoto wa Unyamwezi wanazichanganya pamoja na wazazi wao.

Demetria akageuka upande mwingine apate kujipangusa machozi. Mzee alimwacha, akawa anatazama uwanja. Baadaye, kama aliyekumbuka tu, akamwuliza habari za Recheli. Recheli alikuwa msichana wa familia ya wahamiaji kutoka upande wa Ulyankulu, mwaka jana alikaa kwa Mfaume bila kufungua mdomo hata kuitika jina, mpaka mzee akaamua ana kasoro. Sasa kura ilikuwa imempeleka kwa Demetria.

"Jana nimemsikia anasimulia," alisema Mfaume. "Nusu Kirundi, nusu Kiswahili, na wenzake wanacheka mpaka wanalala chini. Nilisimama pale nje nikajiuliza mwaka mzima nilikuwa nafundisha nani."

Demetria alimweleza kwamba hakufanya jambo kubwa. Alimruhusu tu aanze na lugha ya mama yake. Wakaagana, na tangu hapo chai ya saa nne ikanyweka. Hawakukubaliana, lakini walianza kuulizana maswali ya kweli: mtoto aliyesahau ya jana unamrudishaje, mtoto asiyesema unamfanyaje. Demetria aliona aibu kidogo kugundua kwamba miaka yote alikuwa akimsikia jirani yake ukutani bila kwenda kumwona.

Hata hivyo wasiwasi haukumwisha. Machi na Aprili kazi ya tumbaku ilipokolea, watoto wa mikondo yote miwili walianza kukosekana, wamebaki mashambani kuchuma na kusogeza kuni za kukaushia. Stela hakukosa, lakini nyumbani alisoma siku moja vizuri, siku ya pili akakwama kwenye neno alilolijua jana. Kila alipokwama, Demetria alitamani kumtajia. Alijifunza kukaa kimya kama alivyokaa Mfaume. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha.

Siku ya kupimwa walimu wa Urambo walikuja na gari moshi la asubuhi. Kiongozi wao alikuwa Vedasto, mwalimu mrefu mwenye kikohozi. Walikaa katika vyumba viwili vya mwisho, mtoto akaitwa mmoja mmoja kusoma habari ambayo hakuna aliyewahi kuiona, isiyo na picha, kisha kuulizwa kilichomo. Walimu wa darasa hawakuruhusiwa kukaribia. Demetria alikaa na watoto wa mkondo wake upande wa pili wa uwanja, akijifanya anawasimulia kitu.

Stela alipoitwa aliinuka bila kugeuka nyuma. Mlango ukafungwa. Mtoto aliyeingia chumba cha pili wakati huohuo alitoka, akaingia mwingine, naye akatoka. Stela hakutoka. Demetria aliacha kusimulia. Alimfikiria mwanawe mle ndani anatafuta uso wa kukisia, na uso wenyewe ni wa mgeni. Alitamani kuvuka uwanja amchukue, wakae nyumbani, asimpime mtu tena.

Mwishowe mlango ulifunguka. Stela alitoka anatembea polepole, akaenda moja kwa moja bombani kunywa maji. Usoni mwake hamkuwa na chochote cha kusomeka. Demetria hakuwa na ruhusa ya kumwuliza, na saa zilizobaki zilikwenda kama zinaburutwa.

Alasiri waliitwa ofisini: Demetria, Mfaume, Mwalimu Wilbroad, na wale wageni. Hafsa ndiye aliyesema. Alisema watoto wa Mwalimu Mfaume wamewapita wenzao, tena kwa mbali, katika kusoma maneno wasiyoyajua. Watoto wa Mwalimu Demetria wamefanya vizuri zaidi walipoulizwa habari inahusu nini na walipotakiwa kuisimulia kwa maneno yao. Katika mikondo yote miwili wapo ambao hawakuweza kusoma hata mstari mmoja, na wengi wao, akasema akimtazama Demetria kwa upole, wametoka mkondo wake.

Wilbroad alimtazama Demetria kama mtu anayesubiri ugomvi, kwa sababu alimjua. Lakini Demetria alikuwa na swali moja tu, na halikuwa hilo.

"Na Stela?"

Hafsa alisita, maana matokeo ya mtoto mmoja mmoja hayakuwa ya kusomwa pale. Vedasto ndiye aliyemaliza kukohoa na kuuliza.

"Ni yule anayefuata kwa kidole? Yule alisoma habari yote. Alikwenda polepole, nilidhani jua litatuzamia. Lakini kila neno alilosema ndilo lililoandikwa."

"Yote?"

"Yote. Nikamwuliza maswali akajibu, halafu akaniongezea na mambo ambayo hayakuwemo. Hapo ndipo tulipochelewa."

Demetria alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ingawa hakualikwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyemwelewa isipokuwa Mfaume, ambaye alikuwa akitabasamu huku anatazama kofia yake magotini. Demetria alikuwa ameshindwa mbele ya wageni, mbele ya mwalimu mkuu, kwenye kitu alichokipigania kwa miaka, na alichohisi ni kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani akagundua shingo bado ipo.

Alipoweza kusema alimwambia Hafsa aandike kama ilivyo, kwenye kusoma maneno amepitwa, na anaomba ruhusa ya kwenda kukaa nyuma katika darasa la Mwalimu Mfaume ajifunze. Mfaume akasema atamkaribisha, kwa sharti naye akakae kwa Demetria, kwa sababu Recheli amesimulia mbele ya wageni na yeye hajui limewezekanaje. Akasema angependa ajue kabla hajastaafu.

Wilbroad aliuliza sasa mshindi ni nani, maana kamati ya shule inasubiri. Hafsa akamjibu kwamba muhula mmoja, shule moja, tena msimu wa tumbaku, hautoshi kumpata mshindi wa kupeleka kata nzima. Anachoweza kusema ni kwamba watoto wanahitaji herufi wasizozikisia na wanahitaji kitu cha kusema, na kwamba muhula ujao angependa walimu hawa wawili wabadilishane vyumba kila siku, asubuhi mmoja, baada ya chai mwingine, halafu wapime tena. Wilbroad hakuridhika. Alisema hilo ni gumu kulieleza kwenye mkutano. Hafsa akamwambia atakuja mwenyewe kulieleza.

Demetria alimchukua Stela, wakaifuata barabara ya stesheni kwenda nyumbani. Vumbi lilikuwa limetulia na hewa ilinukia tumbaku inayokaushwa. Alimwambia mwanawe kwamba Mwalimu Vedasto amemsifu. Stela akasema yule mwalimu anakohoa sana, anywe asali ya Sikonge. Hakuonekana kushangaa kusifiwa. Alikuwa na shughuli yake: alikuwa anasoma ukuta wa duka.

"Tu-na-cha-ji si-mu," alisema. "Mama, wanachaji simu."

Wakapita mbele. Stela alisoma tangazo la sabuni, akasoma bei ya kunyoa nywele, akasoma jina la mgombea wa uchaguzi uliopita lililoanza kufutika, akakataa kuendelea mpaka alimalize. Kila mara alisimama, kidole hewani. Demetria, ambaye siku zote hukimbilia nyumbani kuwasha moto, alisimama naye kila aliposimama. Miguu yake ilikuwa haina haraka. Aligundua kwamba tangu Desemba hakuwahi kutembea hivi, bila kuhesabu kitu kichwani, bila kujiandalia maneno ya kumjibu mama mkwe.

Kwenye nyumba ya mwisho kabla ya njia ya shambani kwao, ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu. Stela aliyasoma taratibu hadi mwisho, kisha akayasoma tena, safari hii kwa mkupuo. Nyumba hii haiuzwi. Akakunja uso.

"Mama, kama haiuzwi, kwa nini wameiandika?"

Demetria alimshika mkono, na wakiwa wanakata njia ya shambani akaanza kumweleza habari ya matapeli wanaouza nyumba za watu. Stela alikuwa na maswali mengi, na hayakwisha mpaka walipomwona Prosperi anatoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, uso umejaa masizi, anawapungia.